Nchi ya Staha, Ambako Kinywa Hakijiombei

Msafiri akirudi huwa na mizigo miwili: aliyoyaona, na aliyodhani ameyaona. Nitajitahidi kuufungua ule wa kwanza peke yake, ingawa kusema kweli mizigo yangu ilichanganyika njiani, na mpaka leo nikiimwaga mkekani sijui kipi kilitoka wapi.

Nchi yenyewe inaitwa Staha. Msiniulize iko upande gani. Niliingia huko asubuhi moja, njaa inanikata, nikabisha hodi kwenye nyumba ya kwanza niliyoona moshi jikoni kwake. Mwenye nyumba, mama wa makamo aitwaye Bi Kidawa, alinipokea kwa mikono miwili. Akanitandikia mkeka, akaulizia hali za watu wa kwetu mmoja mmoja ilhali hakumjua hata mmoja. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya samaki wa kupaka. Nikasubiri. Mwanamke aliyelelewa kwetu anajua kusubiri. Lakini samaki yule hakutokea, na mwishowe nikasema, kwa adabu zote nilizofunzwa:

"Mama, naomba chakula kidogo. Njaa imenishika."

Ungedhani nimevua nguo. Bi Kidawa aliinamisha uso. Binti yake, Mwanaidi, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mjukuu aliyekuwa akitambaa pale alizibwa masikio yote mawili.

"Mgeni," Bi Kidawa alininong'oneza, "hapa kinywa hakijiombei. Hebu ngoja." Akapaza sauti kuelekea ukutani: "Bi Somoe! Nina mgeni!"

Kichwa cha jirani kikachomoza juu ya ukuta wa ua. Bi Somoe alinikagua kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, kama mtu anayechagua kuku sokoni, kisha akatangaza:

"Mgeni huyu anataka kuoga."

Nikaoga. Niliporudi mkekani alinikagua tena, akasema nataka kulala. Nikalala, yaani nilijinyoosha nikitazama dari huku nikisikia sufuria zikifunikwa. Chakula nilikipata alasiri, baada ya jirani mwingine kupita uani akasikia tumbo langu likinguruma. Na hata hapo pakawa na ubishi, kwa sababu Bi Somoe alishikilia kwamba tumbo linalonguruma hivyo ni tumbo lililoshiba linashukuru.

Ndivyo nilivyoijua sheria kubwa ya nchi ile. Katika Staha hakuna mtu anayesema anachotaka. Kila mtu ana mneni wake, jirani au shangazi au mkwe, ambaye kazi yake ni kumtazama na kutangaza matakwa yake. Mneni akishanena, hicho ndicho unachokitaka, na wewe unashukuru. Neno "nataka", kwa mtu kujisemea mwenyewe, watoto hulijua kama watoto wa kwetu wanavyoyajua matusi: hulisema vichakani, wakicheka, wakiangalia nyuma.

Nilikuwa na muda mwingi wa kutazama, basi nikatazama. Nyumba ya pili kutoka kwa Bi Kidawa walikaa Mzee Dunda na mkewe Bi Nunu, na beberu wao alikaa nao ndani, sebuleni. Alikuwa na harufu inayofika barabarani. Zamani mneni wa mzee alitangaza kuwa Mzee Dunda anapenda beberu awe karibu, na mneni wa mke akatangaza kuwa Bi Nunu naye anapenda vivyo hivyo, na ndoa yao ikasifiwa mtaa mzima kwa kupatana. Mimi nilikwenda kuwasalimu. Mzee Dunda alipoinuka kwenda uani, Bi Nunu alimsukuma beberu kwa mguu, akamsogeza pembeni. Bi Nunu alipoinuka kuleta kahawa, mzee akamsukuma vilevile, kwa mguu uleule wa kulia. Wote wawili waliporudi kukaa, kila mmoja akampapasa mnyama kichwani akimtazama mwenzake kwa mapenzi. Nilitoka pale sijui nicheke au nilie. Mapenzi yalikuwepo, hayo niliyaona. Na beberu naye alikuwepo.

Palikuwa na seremala ambaye kila meza aliyotengeneza ilicheza miguu. Nilipouliza kwa nini asifanye kazi nyingine nikaambiwa utotoni alionekana ameshika nyundo. Alikuwa akimpelekea babu yake tu, lakini aliyemwona alikuwa mneni wake, na alikwishanena.

Mgeni akikaa Staha zaidi ya usiku mmoja lazima apelekwe Idara ya Matakwa ili apangiwe mneni. Bi Somoe alinipeleka mwenyewe, akinishika mkono kama kipofu. Tulikuta shauri linaendelea, tukaketi nyuma kusikiliza.

Mshitakiwa alikuwa bwana mmoja aitwaye Kombo. Alikuwa ametumbukia katika shimo la choo lililokuwa linachimbwa, kwa bahati nzuri bado jipya, akapiga kelele: "Nitoeni!" Watu walikusanyika juu ya shimo wakawa wanajadiliana. Mmoja alisema "nitoeni" si tamko la kutaka, ni amri, na amri haikukatazwa. Mwingine akasema mtu haamuru asichokitaka, kwa hiyo ndani ya ile amri limefichwa lile neno, kama mwiba ndani ya samaki. Wakaamua aitwe mneni wake, ambaye ni mama mkwe wake, lakini mama mkwe alikuwa msibani kijiji cha pili. Kombo akachoka kungoja. Akashika mzizi, akapanda, akatoka. Sasa alishitakiwa kwa kutoka bila kunenewa.

Mama mkwe alisimama mbele ya baraza na nguo zake za msiba. Akaulizwa: pale shimoni mkweo alitaka nini? Akafikiri kwa uaminifu kabisa, nilimwona, hakuwa na chuki hata chembe.

"Mkwe wangu," alisema, "siku zote hupenda mahali penye ubaridi."

Ikaamuliwa kwamba Kombo alikuwa anataka kubaki shimoni, na kwamba serikali haiwezi kumnyima raia anachokitaka. Akarudishwa hadi jua litue. Kombo akashukuru, akashushwa kwa kamba, taratibu, maana watu hawa si wakatili. Mtu mmoja akampa na mto.

Baada ya hapo niliitwa mbele ya Afisa Matakwa, Bwana Mbaruku, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Aliniona nimekunja uso.

"Mwanangu Mwajabu," alisema, "unaona sisi ni wajinga."

"Sijasema hivyo, baba."

"Uso umesema. Sikiliza. Wewe unakiona kisogo chako?"

"Sikioni."

"Nani anakiona?"

"Aliye nyuma yangu."

"Basi. Nyani haoni kundule. Kwenu mnalisema hilo mkacheka, mkaenda zenu. Sisi tulilisema tukalitungia sheria. Mtu akijiuliza mwenyewe anataka nini, atajidanganya, atajipendelea, leo atasema hiki kesho kile. Jirani hana sababu ya kukudanganya kuhusu wewe. Na tazama faida yake: hapa hakuna mtu asiyetazamwa. Hakuna mgonjwa anayekufa ndani peke yake, akakaa siku tatu mtaa hauna habari. Kwenu hayo hayatokei?"

Yanatokea. Nikajikuta namsimulia habari ya dada yangu mkubwa. Siku wazee walipokuja kumwuliza kama ameridhia mchumba, aliinama kutafuta kipini cha pua kilichokuwa kimeanguka. Wazee wakasema: ameona haya, amekubali. Vigelegele vikapigwa. Alipokipata kipini akainua kichwa, alikuwa mke wa mtu.

Bwana Mbaruku alipiga kofi gotini kwa furaha.

"Kumbe na ninyi ni Wanastaha! Tofauti ni kwamba sisi tumeliweka serikalini."

Nilitaka kusema kwamba kwetu angalau dada aliulizwa. Lakini nikakumbuka hakuna aliyengoja jibu.

Ndipo Bwana Mbaruku aliponiambia jambo lililonifanya nielewe kwa nini Bi Kidawa alinipokea kwa mikono miwili. Mwanaidi, binti yake, alikuwa ameshanenewa mume. Bi Somoe alitangaza, na mtaa mzima ukasikia, kwamba Mwanaidi anamtaka Shomari, kijana mwenye punda anayebeba chokaa kutoka matanuruni. Lakini kwa jambo la ndoa sheria inataka midomo miwili: mmoja wa jirani, mwingine wa mtu wa mbali aliyekaa na bibi harusi, akala naye, akamtazama. Watu wa mbali hawapiti Staha kila siku. Walikuwa wakimngoja mtu kama mimi.

"Tazama mpaka Ijumaa," alisema Bwana Mbaruku. "Siku hiyo utasimama, useme ulichokiona. Ukisema anamtaka Shomari, ataolewa hapo hapo. Ukisema anataka kingine, basi hicho kingine kitakuwa ndicho anachokitaka, maisha yake yote. Kwa hiyo tazama vizuri."

Nilirudi kwa Bi Kidawa nikaanza kutazama.

Sijawahi kumtazama mtu kama nilivyomtazama Mwanaidi. Alikuwa rika langu, mwembamba, mcheshi akiwa na wale aliowazoea. Kila alasiri alikaa kibarazani na ungo wake, na kila alasiri Shomari alipita na punda, nyusi zake nyeupe kwa chokaa kama za babu. Alipopita, mikono ya Mwanaidi iliacha kuchambua. Hilo ni kweli, Bi Somoe hakulitunga. Ila mimi niliendelea kutazama, nikaona kwamba Shomari akishapotea kwenye kona, macho ya Mwanaidi yalibaki palepale barabarani muda mrefu, na barabara ilikuwa tupu.

Siku moja punda aligoma mbele ya nyumba. Shomari akamvuta, akamsukuma, akamwimbia, mwishowe akakaa chini kando yake akamwambia, "Haya, tukae wote, mfalme wangu." Mwanaidi alicheka mpaka mchele ukamwagika. Nikasema moyoni: anampenda. Kesho yake Shomari alikuja kuleta chokaa ya kupaka ukuta, na Mwanaidi akakimbia akajificha nyuma ya mlango. Nikasema: hampendi. Halafu nikakumbuka kwamba kwetu msichana akijificha husemwa amependa, na akitokeza husemwa amependa zaidi. Nikachoka na macho yangu.

Hata ningetaka kusema kijana ni mbaya, sikuwa na la kusema. Alikuwa mtu mwema. Hilo lilinichanganya zaidi ya yote.

Siku moja kabla ya Ijumaa tulikuwa uani, mimi na Mwanaidi, tunatwanga mpunga wa harusi, mchi huu unapanda, ule unashuka. Bi Kidawa alikuwa ametoka. Ukuta ulikuwa mtupu, kichwa cha Bi Somoe hakikuwepo. Nikasema kwa sauti ya chini:

"Mwanaidi, ndugu yangu. Usiseme kitu. Kama unamtaka Shomari, twanga mara mbili haraka. Kama humtaki, acha mchi."

Alisimama, mchi uko juu.

"Unanifanya nijisemee?"

"Hakuna anayesikia."

"Wewe husikii?" Aliushusha mchi polepole, akauegemea. Hakuwa na hasira, alikuwa ananishangaa tu. "Dada Mwajabu, wewe unadhani ninafungwa hapa. Hebu niambie. Mtu wa kwenu akichagua mwenyewe, ikawa vibaya, anamlaumu nani?"

"Anajilaumu."

"Usiku na mchana?"

"Wengine, ndiyo."

"Eeh! Na mnalala?" Akacheka, lakini si sana. "Dada yangu Halima alinenewa mume mlevi. Anamlaani Bi Somoe kila asubuhi, halafu anakunywa chai yake. Moyo wake ni mweupe. Wewe ndiye mwenye macho, dada. Ukikosea, kosa ni lako. Mimi nikisema nikakosea, nitalipeleka wapi?"

Tukaendelea kutwanga. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia:

"Lakini utazame vizuri."

"Nimetazama mpaka macho yanauma."

"Tazama tena."

Na sauti yake hapo ilitetemeka kidogo. Au mchi ndio uliotetemeka. Nimelifikiria hilo mara nyingi.

Ijumaa watu walijaa uwanja wa Idara. Katika Staha bibi harusi husimama tangu alfajiri mpaka anenewe, juu ya kigoda, mbele ya wote, ili kila mwenye macho amtazame. Kukaa ni dalili kwamba amejiamulia. Mwanaidi alikuwa amesimama hapo na hina yake, nywele zimesukwa kwa mtindo ambao Bi Somoe alinena kuwa anautaka, shingo imenyooka, jasho linamtiririka mashavuni. Shomari alisimama upande wa pili, amenawa nyusi. Bila chokaa alionekana kijana mdogo kuliko nilivyodhani. Nyuma yake alisimama mjomba wake, mneni wake.

Bi Somoe alinena kwanza, kwa madaha.

"Nimemlea kwa macho tangu hajaota meno. Huyu anamtaka Shomari. Mikono yake husimama akipita."

Vigelegele. Bwana Mbaruku akanigeukia.

"Mtu wa mbali, umeona nini?"

Nilisimama. Bi Kidawa alikuwa mstari wa mbele, midomo yake inacheza, anasema bila sauti: ndivyo, sema ndivyo. Nilimtazama Mwanaidi. Aliyakaza macho mbele, kwenye hewa. Kama ningesema ndivyo, ningemwoza kwa mikono iliyoacha kuchambua mchele. Kama ningesema sivyo, ningelazimika kumpa kitu kingine, nami ningekitoa wapi, kwenye barabara tupu?

"Nimeona mikono ikisimama," nilisema. "Nimemwona akicheka, nimemwona akijificha, nimemwona akitazama barabara isiyo na mtu. Nimetazama kwa uaminifu wangu wote. Sijaona anachokitaka. Sijui."

"Hajui!" akadakia Bi Somoe. "Jamani, tumemlisha bure. Macho ya samaki wa mnadani, yamekodolewa lakini hayaoni kitu!"

Watu wakacheka. Bwana Mbaruku akainua mkono.

"Mwanangu, 'sijui' si neno la baraza hili. Mneni hujua."

"Basi mimi si mneni," nikasema. "Aliyesimama pale ana mdomo. Muulizeni yeye."

Kicheko kikakatika. Nikasikia kanga zikivutwa, akina mama wanawafunika watoto masikio. Na kwa sababu hakuna aliyethubutu, na kwa sababu nilikwishafika katikati ya mto na kurudi ni mbali sawa na kuvuka, nikamgeukia mwenyewe.

"Mwanaidi. Unataka nini?"

Alinitazama. Sitausahau uso ule, na siwezi kuueleza. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Aliangalia huku na huku, kama vile jibu limewekwa mahali fulani na mtu fulani. Alimtazama mama yake. Akamtazama Bi Somoe. Akamtazama Shomari, na Shomari akatazama chini. Midomo ikafunguka ikafungika. Nikaanza kujuta.

"Nataka," alisema, na neno lilimkwama, akalimeza, akalirudia. "Nataka kuketi."

Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyejua kama ni halali kumpa mkeka mtu aliyejiombea. Basi alishuka kigodani, akaketi chini, vumbini, na nguo zake za harusi, akanyoosha miguu mbele yake na kuishika vifundo.

Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia beberu wa Mzee Dunda akilia mtaa wa pili. Halafu Shomari, bila kumwangalia mjomba wake, akasema:

"Kwa kweli hata mimi miguu inaniuma." Mjomba akamfinya. Shomari akabaki amesimama. Lakini alikwishasema.

Bwana Mbaruku na wenzake walijitenga wakajadiliana. Wengine walisema kuketi si matakwa, ni uchovu. Wengine walisema uchovu ni mlango wa matakwa, leo kuketi, kesho kuondoka. Waliporudi, Bwana Mbaruku alikuwa na huzuni ya kweli usoni.

"Mwanaidi amejitwaa," alisema. "Aliyejitwaa hanenewi. Maneno ya Bi Somoe juu yake yamekufa, ya leo na ya zamani. Posa hii haipo. Na kuanzia sasa hakuna mdomo katika Staha utakaotamka kwa ajili yake, si njaa, si kiu, si ugonjwa. Atajisemea au atakosa."

Bi Kidawa aliangua kilio. "Nani atamjua mwanangu?" alilia. "Nani atamjua?" Bi Somoe alimshika mabega, akamwongoza nyumbani, na alipopita mbele yangu hakunitukana. Aliniambia tu, kwa uchovu, "Umemwacha uchi, mgeni. Haya. Nenda kwenu."

Niliamriwa niondoke asubuhi. Jioni ile hapakuwa na mtu aliyesema nami. Mwanaidi alikaa chumbani. Nilisikia kilio, sikujua ni cha nani kati ya mama na binti.

Kulipokucha nilifunga mzigo wangu, nikatoka uani kuaga. Niliwakuta wawili hao kibarazani. Mwanaidi ameketi kwenye ngazi ya chini, Bi Kidawa nyuma yake ngazi ya juu, amemweka katikati ya magoti. Alikuwa akimfumua nywele za harusi. Alifumua ya mwisho, akazichana zote, zikasimama kama wingu. Halafu kitana kikabaki hewani.

Nikaelewa. Tangu Mwanaidi azaliwe, hapo ndipo kichwa cha Bi Somoe kilipokuwa kikichomoza ukutani na kusema: leo anataka msuko wa twende kilioni, leo anataka wa mabutu. Bi Kidawa aliutazama ukuta kwa mazoea. Bi Somoe alikuwepo, nilikiona kilemba chake, lakini hakunena. Sheria ilimkataza.

Mama alikaa hivyo na kitana chake. Mkono wa pili uliweka vidole nyweleni, ukaviondoa, ukaviweka tena. Nilisimama mlangoni na mzigo wangu kichwani, sikuthubutu kuaga.

"Mwanaidi," alisema Bi Kidawa, na sauti yake ilikuwa ya mwizi. "Nikusuke… vipi?"

Kilemba cha ukutani hakikutikisika.

"Nilidhani utaniuliza barabarani natazama nini," alisema Mwanaidi.

"Unatazama nini?"

"Sijui, mama. Huwa natazama tu."

Bi Kidawa alishusha kitana pajani. Nilidhani atalia tena. Akavuta pumzi.

"Na nywele?"

Mwanaidi alifikiri. Alifikiri kweli, kwa mkono wake akizishika nywele zile upande huu na upande ule, kama anaziona leo.

"Sijui pia," alisema. "Niulize tena."